Utamu wa Lugha Uko Mdomoni mwa Nani?

Kuna utani ambao karibu kila msemaji wa Kiswahili ameusikia walau mara moja: eti Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda na kuzikwa Kongo. Watu hucheka, halafu kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Lakini sisi tunaojiita waandishi chipukizi hatuna budi kuukagua utani huu kama tunavyokagua hadithi, maana ndani yake mna hukumu nzito. Unasema kwamba kuna midomo inayokipa Kiswahili uhai na kuna midomo inayokiua. Na hukumu hiyo haikupita kwenye sarufi wala kamusi. Imepita sikioni tu.

Nataka tulizungumzie sikio hilo, kwa sababu naona linatuharibia hadithi zetu bila sisi wenyewe kujua.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Si dhambi mtu kupenda mlio wa lugha fulani na kutoupenda wa nyingine. Mimi ninazo zangu. Kiswahili cha Lamu kinaweza kunipitisha kituo nikasahau kushuka. Kilingala kikilia redioni, hata kama nafua, mabega yanajibu yenyewe. Kiha cha bibi yangu kinanituliza kuliko dawa. Kifaransa nakisikia kama mtu anayeongea huku ana muhogo wa moto mdomoni. Na Kiingereza, bwana wee, Kiingereza cha mtu anayesoma tangazo kwa sauti kubwa bado kinanikunja tumbo.

Sasa, nilipokaa nikazichunguza hizi lugha zangu moja moja, sikuona hata moja ambayo naipenda au kuichukia kwa mlio wake peke yake. Kiha kilinibembeleza nikiwa mgongoni, huko Kigoma. Lamu niliisikia kwanza kwa mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye alikuwa akighani tenzi mpaka darasa la jirani linanyamaza. Kiingereza nilikutana nacho sawasawa kidato cha kwanza, katika shule ambayo mwanafunzi aliyekutwa akiongea Kiswahili alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Sasa niambie, msomaji: hapo kinachonikunja tumbo ni Kiingereza au ni kile kibao?

Hoja yangu ndiyo hiyo. Tunaposema lugha hii tamu na ile inakwaruza, mara nyingi tunawahukumu watu waliotuletea lugha hiyo, na hali tuliyokuwamo siku walipotuletea.

Wako wasomi waliolipima jambo hili. Mwaka 1974 Howard Giles na wenzake waliwasikilizisha Waingereza wasiojua Kigiriki lahaja mbili za lugha hiyo: ya Athens, ambayo Wagiriki wenyewe huiona ndiyo nzuri na ya heshima, na ya kisiwa cha Crete, ambayo hudharauliwa. Waingereza wale hawakuona tofauti ya uzuri. Ule "uzuri" wa Athens ulikuwa wapi basi? Ulikuwa vichwani mwa wanaojua nani anaishi wapi na nani ana cheo gani. Tena juzijuzi, mwaka 2023, Andrey Anikin wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi: lugha 228, wasikilizaji 820 ambao lugha zao za nyumbani zilikuwa Kichina, Kiingereza au lugha za jamii ya Kiarabu na Kiebrania. Tofauti za uzuri zilikuwa ndogo mno. Kilichoonekana kupandisha alama ni kwamba msikilizaji alidhani lugha ile anaifahamu. Ukidhani unamjua mtu, mlio wake unakuwa mtamu. Basi.

Lakini hatuhitaji kwenda Sweden. Ushahidi umejaa hapahapa, kandokando ya maziwa yetu.

Chukua Kilingala. Dar es Salaam na Nairobi za miaka ya 1970 na 1980 zilicheza Kilingala usiku na mchana. Wangapi walikuwa wanaelewa? Wachache sana. Franco na TP OK Jazz walipotoa wimbo wao wa "Mario" mwaka 1985, watu waliuimba mwanzo hadi mwisho kwa maneno ya kubuni, na wengi wetu mpaka leo tunamwita "marioo" kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha. Tumeazima hadi neno! Ukimwuliza mtu wa Dar kwa nini Kilingala kitamu, atakwambia ni irabu zake, ni silabi zake zilizo wazi, kinateleza. Sawa. Lakini Kiswahili nacho kina silabi za namna hiyohiyo, na hatusemi kinateleza. Tofauti ni kwamba Kilingala kilitufikia na gita.

Sasa vuka Ziwa Tanganyika. Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi la Kongo tangu enzi za Wabelgiji, na kiliendelea kuwa lugha ya jeshi chini ya Mobutu, kuanzia 1965 hadi 1997. Kwa mchuuzi wa Bukavu au Uvira, ambaye lugha yake ya sokoni ni Kiswahili, Kilingala kilikuwa pia sauti ya askari kwenye kizuizi anayetaka "kitu kidogo". Irabu ni zilezile. Silabi ni zilezile. Utamu umekwenda wapi?

Halafu geuza upande wa pili. Hiki Kiswahili chetu tunachokiita cha mahaba, lugha ya taarabu, lugha ambayo Siti binti Saad aliirekodia santuri huko Bombay mwaka 1928, kwa Waganda wengi kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi. Walikisikia kwa askari wa Kings African Rifles, wakakisikia kwa askari wa Idi Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Mama wa Kampala aliyejifungia ndani usiku hakusikia mahaba katika "fungua mlango!" Kwa hiyo tunapocheka kwamba Kiswahili "kilifia Uganda", tujiulize aliyekipeleka kule alikipeleka na nini mkononi. Uganda yenyewe imekuwa ikipiga hatua: mwaka 2005 katiba yao ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nadhani mtoto atakayekipokea kwa mwalimu mpole atakisikia tofauti na bibi yake alivyokisikia.

Na kuna neno moja ambalo likinijia kichwani linaninyamazisha. Neno lenyewe ni "kadogo". Kwetu kadogo ni jina la kudekeza. Kila mtaa una Kadogo wake, kitinda mimba anayetumwa dukani. Mwaka 1996 vita vilipoanza mashariki mwa Kongo, na Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipoingia Kinshasa, vijana wadogo waliobeba bunduki walikuwa wanaitwa hivyohivyo: kadogo. Walikuwa wanaongea Kiswahili. Kinshasa, mji wa Kilingala na muziki, ukakisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwa wingi namna ile kikitoka kwa watoto wenye silaha. Nina hakika kuna mtu Kinshasa leo ambaye ukimwambia Kiswahili ni lugha tamu kama asali atakutazama tu.

Mtu anaweza kunipinga: hizo ni habari za vita, vipi milio yenyewe? Si ni kweli kwamba kuna milio mikali? Haya, tuitazame. Watu wanasema Kijerumani kinabweka, kinakwangua koo kwa ile "kh" yao. Lakini nenda Mombasa au Unguja, umsikie mzee aliyesoma akitamka "kheri" na "khofu". Koo linakwanguliwa vilevile, na sisi tunasema: masha Allah, mzee huyu ana Kiswahili fasaha. Mlio mmoja, hukumu mbili. Tena huo Kijerumani kinachobweka tumekila bila kujua. "Shule" ni neno la Kijerumani. "Hela" nayo ilitokana na sarafu ya Wajerumani. Sijawahi kumwona mtu anayeambiwa "njoo uchukue hela yako" akalalamika kwamba neno hilo linamkwaruza sikio.

Hata huko nyumbani kwa Kiswahili, utamu ulipigiwa kura. Wamisionari wa karne ya 19 waligawanyika: Krapf alianzia Mombasa mwaka 1844, akina Edward Steere wakafanya kazi zao Unguja, na kila upande ukawa na vitabu vyake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hukohuko Mombasa ukaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Mombasa, mji wa Muyaka, ikaanza kusahihishwa. Mtu wa Mvita anasema "ndia", "mtanga", "kuteka", na mwanafunzi wa leo wa Dodoma anadhani anasikia mtoto asiyeota meno, kwani yeye kafundishwa "njia", "mchanga", "kucheka". Kumbe uamuzi ungeangukia upande mwingine, leo wote tungekuwa tunaitana "ndoo hapa" na hakuna ambaye angefikiria ndoo ya maji.

Sasa tuje kwenye kazi zetu, maana hili ni jarida la waandishi.

Katika miswada mingi ya vijana wenzangu niliyoisoma, mtindo ni mmoja. Mhusika mkuu, hata akiwa katoka kijijini jana, anaongea Kiswahili kilichonyooka kama taarifa ya habari. Msichana anayependwa anaongea kwa sauti "nyororo kama ya Mwambao". Kisha anatokea mlinzi. Mlinzi lazima aseme "nilikuwa narara kidogo tu, bosi". Anatokea mwenye duka Mhindi, lazima avunje kila ngeli. Anatokea Mkongo, lazima awe tapeli au mwanamuziki. Mwandishi hajatuambia lolote kuhusu roho ya mlinzi huyu: ana watoto wangapi, anaota nini akipitiwa na usingizi. Ametupa "narara" tu, akaona kazi imekwisha. Na sisi tumecheka. Huo si uchoraji wa wahusika, ni uvivu. "L" na "r" za mlinzi yule zinatokana na lugha ya kwao isiyozitenganisha. Zinatuonyesha mama yake alimbembeleza kwa lugha gani. Akili yake na uaminifu wake hazimo humo hata kidogo.

Jambo hili linanigusa mimi binafsi. Naandika riwaya. Mhusika wangu mkuu ni mama mchuuzi wa dagaa, aliyevuka ziwa kutoka Uvira mwaka 1996 akiwa na watoto watatu. Anapowalaza watoto anamwambia jirani: "Batoto bote bamelala, aksanti." Nilipompa mswada msomaji wa shirika moja la uchapishaji, alinirudishia na maneno mawili pembeni: nimsahihishe mama huyu Kiswahili chake, au nimfanye mchekeshaji. Njia ya tatu hakuiona. Kwamba mwanamke anaweza kusema "batoto" na bado akawa na majonzi, hekima, ujanja wa biashara na mapenzi, hilo halikumwingia.

Na hiyo "ba" yenyewe ina nini? Sikiliza Kiha: abantu, abana. Sikiliza Kihaya: abantu. Sikiliza Kilingala: bato, bana. Ni kiambishi cha ndugu zetu wengi wa Kibantu. Kiswahili cha pwani kilikwenda kwenye "wa". Yule mama wa Uvira hajaua kitu, anaongea kama ukoo. Tena tukumbuke: Remmy Ongala alizaliwa Kindu, hukohuko Kongo "kaburini", mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam akaimba Kiswahili chenye lafudhi ya kwao mpaka alipofariki mwaka 2010. Nani aliwahi kusema Dokta Remmy anakiua Kiswahili? Watu walilia kwa nyimbo zake. Kwa hiyo masikio yetu yanaweza, yakitaka.

Mfano mzuri wa kuigwa tunao. Angalia jina la riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999: Vuta n'kuvute. Ile "n'" ni mdomo wa kisiwa, "ni" iliyomezwa kama watu wa Unguja wanavyoimeza. Ipo kwenye jalada, kwa herufi kubwa, na hakuna anayecheka. Mwandishi hakuitia ili tumwone mhusika mjinga. Aliitia kwa sababu watu wake wanaongea hivyo. Swali langu kwa sisi wa bara ni hili: kwa nini alama ya mkato ya Unguja iwe sanaa, na "ba" ya Uvira iwe kosa? Jibu tunalijua. Mmoja tulifundishwa kumheshimu.

Na sikio hufundishika. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alipotoa diwani yake ya Kichomi yenye mashairi yasiyo na vina na mizani, wapo waliosema huu si ushairi wa Kiswahili hata kidogo, hausikiki kama ushairi. Sikio lililozoea vina lilikataa. Leo mashairi huru yanasomwa na kutungwa mashuleni, na wanaoyapenda hawajaacha kupenda tenzi. Sikio limepanuka, halijapasuka.

Kuna wenzangu watakaosema: kwa hiyo wewe unataka kutuambia hakuna lugha tamu? Tutupe ufasaha, kila mtu aandike anavyojisikia? Hapana. Utamu upo, na ni mkubwa. Ila unatengenezwa. Sentensi ya Kiswahili inaweza kuwa gunia la mawe au ikatiririka, kutegemea ulivyopanga maneno, ulipoweka kituo, ulivyoacha silabi fulani ijirudie au ukaikwepa. Hiyo ni kazi ya mwandishi, nayo ni ngumu kweli. Mwana Kupona aliifanya kwa Kiamu mwaka 1858, Remmy akaifanya kwa lafudhi ya Kindu, Kezilahabi akaifanya bila vina. Hakuna aliyepewa utamu bure na lahaja yake. Na yupo mtu wa Unguja mjini, mwenye Kiunguja safi kabisa, ambaye akikusimulia kisa unatafuta mlango. Kiswahili kizuri cha kuzaliwa nacho hakiandiki riwaya.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, kwa wanaotaka. La kwanza: kila unapoandika kwamba sauti ya mhusika ni "nyororo" au "inakwaruza", simama. Jiulize ni nani anayesikia. Kama ni mhusika mwingine ndiye anayesikia hivyo, mwache, maana hapo unatuonyesha tabia yake: anampenda nani, anamwogopa nani, anamdharau nani. Hadithi inaweza kukua hapohapo. Lakini kama ni wewe mwandishi ndiye unayesikia hivyo, basi umeingiza kijiwe chako ndani ya riwaya ya watu.

La pili: ukimwandika mtu wa mahali usipotoka, mtafute mtu wa kwao umsomee kwa sauti. Usimsomee ili akusahihishie tahajia tu. Mtazame usoni unaposoma maneno ya yule mhusika. Mimi nilimsomea mama mmoja wa pale sokoni, muuza dagaa kweli, ile sehemu ya kulaza watoto. Nilipofika "aksanti" alinikatiza. Nikadhani amekasirika. Akaniuliza kama huyo mama wa kwenye kitabu aliwahi kurudi kwao.

Swali hilo msomaji wa shirika hakuniuliza. Nimelibandika juu ya meza ninapoandikia, na "batoto" nimeiacha palepale ilipo.